Nilijaribu Dukani, Nikanunua Mtandaoni: Nimemkosea Nani?

SWALI: Mwalimu, hivi karibuni nimeanza mazoezi ya kukimbia. Niliingia kwenye duka la viatu vya michezo, na kijana wa mauzo akanihudumia kwa moyo wote: alinipima miguu yote miwili, akaniletea jozi baada ya jozi, akanitaka nikimbie kidogo mle ndani huku akitazama ninavyokanyaga. Karibu saa nzima ilikwisha. Nilipopata kiatu kilichonikaa nilimwambia, "Ngoja nikafikirie," nikapiga picha kibandiko chenye jina na namba, na usiku uleule nikaagiza mtandaoni kwa bei iliyo chini kwa karibu robo. Mke wangu anasema huo ni wizi. Kaka yangu anasema hiyo ndiyo biashara, duka lisiloweza kushindana lifunge. Sasa natafuta kiti cha kufanyia kazi kwa sababu mgongo unanisumbua, na nilikuwa nimepanga kufanya vilevile: nizunguke madukani nikivikalia, kisha niagize penye nafuu. Nimejikuta nasita. Isitoshe, viatu vile vimeanza kunibana vidole, na ningependa yule kijana anieleze kasoro iko wapi, ila naona haya kumrudia. Je, nilikosea? Na kama nilikosea, nimemkosea nani?

JIBU: Ndugu yangu, hilo swali lako la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika. Wengi huuliza kama wamekosea. Wachache huuliza wamemkosea nani, na katika jambo hili huwezi kulijibu la kwanza bila la pili. Lakini nianze na hao wawili waliokuweka katikati, maana kila mmoja ana ukweli wake na kila mmoja ameuzidisha.

Mkeo kwanza. Wizi ni kuchukua mali ya mtu bila ridhaa yake, nawe hukutoka na kitu chochote cha duka. Sheria nayo haikudai. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi iliyohusu dawa zilizopangwa kwenye rafu za duka la kujihudumia, ikasema kwamba bidhaa kuwekwa rafuni ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayeomba kununua anapoifikisha kwa mhudumu wa malipo, na kabla ya hapo yuko huru kuirudisha mahali pake. Wala si sheria peke yake. Mwenye duka anayeweka kioo, kigoda cha kuvalia viatu na jozi za kujaribia anajua fika kwamba baadhi ya wanaoingia watatoka mikono mitupu, na ameshalitia hilo kwenye hesabu zake. Macho hayana pazia. Mteja aliyejaribu, akaona hakimfai, akashukuru na kwenda zake, hana deni na mtu. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo watu waungwana wanaoona haya kutoka dukani bila kununua, wakaishia kubeba vitu wasivyovihitaji. Huo ni woga tu, usiuite uadilifu.

Kaka yako naye ana haki kusema kwamba hakuna aliyezaliwa na haki ya kununuliwa. Duka halikudai fedha zako kwa kuwa tu liko karibu nawe, na mtu anayehesabu kila senti anaruhusiwa kutafuta nafuu popote ilipo. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba wauzaji hawa wawili wanashindania kitu kimoja. Yule wa mtandaoni amekuuzia kiatu. Yule wa dukani alikuwa akiuza kiatu pamoja na saa moja ya mtu anayeijua miguu, vyote viwili kwa bei moja.

Itazame hiyo bei kwa ndani. Kuna gharama ya kiatu chenyewe kutoka kwa mtengenezaji, kodi ya pango mahali watu wanapopita, mishahara, saizi zote zilizolala stoo zikimngoja mwenye mguu wake, na jozi za kujaribia zinazochakaa hadi ziuzwe kwa hasara. Huduma ya kukupima haina bei yake peke yake. Imeingizwa ndani ya bei ya kiatu, kwa hiyo wanaoilipia ni wale tu wanaonunua. Ukipimwa hapa ukanunua kule, umelipiwa na wateja wenzako. Wanauchumi wana jina la mtu huyo: mdandiaji, kama yule anayening'inia nyuma ya gari ambalo nauli yake wameilipa abiria walioketi. Mdandiaji mmoja hasimamishi gari. Wakiwa wengi, mwenye gari atapandisha nauli kwa wanaolipa au ataiacha njia ile. Dukani huwa hivyo hivyo: wapimaji hupunguzwa, saizi zisizo za kawaida haziagizwi tena, na siku moja hata aliye tayari kulipia ushauri hamkuti wa kumshauri.

Nisikufiche kwamba si nafuu yote ya mtandaoni inatokana na udandiaji. Ghala lililo mbali na mitaa ya biashara lina pango dogo, na anayeuza kwa wingi hununua kwa bei ya chini. Huo ni ushindani halali kabisa. Sehemu inayoleta maswali ni ile nafuu inayotokana na kazi ambayo mtu mwingine ameshaifanya bure kabla hujabonyeza kitufe cha kununua.

Na hofu hii imeitangulia intaneti kwa miaka mingi. Mwaka 1960 mwanauchumi Mmarekani Lester Telser aliuliza kwa nini mtengenezaji atake bidhaa yake isiuzwe chini ya bei fulani, hali nafuu ingemwongezea wanunuzi. Jibu lake lilikuwa hili hili: wauzaji wanaotoa maelezo na maonyesho wangeacha kufanya hivyo kama wateja, wakishaelimishwa, wangevuka barabara na kununua kwa asiyetoa chochote. Hoja hiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2007, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilitengua msimamo wake wa tangu 1911 uliomkataza kabisa mtengenezaji kumwekea muuzaji kiwango cha chini cha bei. Ufaransa ilifanya jambo la jamaa na hilo kwenye vitabu: tangu sheria ya 1981, muuzaji hawezi kupunguza bei ya kitabu kipya kwa zaidi ya asilimia 5, na maduka madogo yenye watu wanaovijua vitabu ndiyo yaliyokusudiwa kulindwa. Mimi siipendi sana dawa hii. Inamlipisha ushauri hata mtu asiyeuhitaji, aliyeingia akijua anachotaka na anayetaka kutoka upesi.

Simu ndiyo iliyoliongeza jambo hili kasi. Desemba 2011 Amazon ilitoa punguzo la hadi dola 5 kwa wateja waliotumia programu yake kuchunguza bei wakiwa wamesimama ndani ya maduka ya wengine, na wenye maduka wakaja juu. Mwaka 2013 Best Buy, kampuni kubwa ya vifaa vya elektroniki iliyokuwa ikidhihakiwa kuwa ukumbi wa maonyesho wa Amazon, iliamua kwamba itashusha bei zake zilingane na za washindani wakubwa wa mtandaoni, mteja akiomba. Mwaka huo huo duka dogo la vyakula maalumu huko Brisbane, Australia, lilibandika tangazo kwamba anayeingia kuangalia tu atatozwa dola 5, atakazorudishiwa kwa kukatwa kwenye bei akinunua. Tangazo hilo lilizunguka dunia. Uchungu wa mwenye duka naufahamu, maana alikuwa akitoa saa nyingi za ushauri kwa watu waliokwenda kununua kwingine. Lakini alimtoza kila aliyeingia, wakati kilichokuwa kikimtoka ni ushauri. Kuangalia rafu hakumgharimu mtu kitu.

Utanikumbusha kwamba udandiaji huu huenda pande zote mbili, na ni kweli. Wapo wanaosoma maoni ya wanunuzi na vipimo kwenye tovuti ya muuzaji fulani, kisha wakaenda kununua dukani. Mbona hao hawaulizwi? Kwa sababu maelezo yaliyoandikwa mara moja hayapungui yakisomwa na mtu mmoja zaidi. Saa ya yule kijana ilipungua. Wakati amepiga magoti mbele ya mguu wako hakuweza kumhudumia aliyekuwa akisubiri mlangoni. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoweka kila kujaribu kwenye kapu moja. Kukalia kiti kilichowekwa kikaliwe, kuushika mkoba, kusikiliza spika inayopiga muziki yenyewe: hayo yote hayana uzito. Kuomba muda na ujuzi wa mtu kwa ajili yako peke yako ni jambo jingine, na uzito wake hukua kadiri muda unavyokwenda.

Wanafalsafa wameubishania mstari huu kwa muda mrefu. Mwaka 1955 H. L. A. Hart alieleza kwamba watu wanapoendesha shughuli ya pamoja na kujibana kwa ajili yake, anayefaidika na kujibana kwao ana wajibu wa kuchangia zamu yake ikifika. Mwaka 1974 Robert Nozick akamkatalia. Tuseme majirani zako wameanzisha redio ya vipaza sauti, kila mmoja anashika zamu ya siku moja kuburudisha mtaa, nawe umesikiliza dirishani ukafurahi. Je, siku yako ikifika unawajibika? Nozick alisema hapana, na mimi nakubaliana naye: mtu hawezi kukutupia faida usiyoiomba kisha akakudai. Ila wewe hukutupiwa. Uliingia mwenyewe, ukaketi, ukavua viatu, ukaomba jozi nyingine na nyingine. Ulichokipata ulikitafuta, na ulikipata kwa sababu aliyekupa aliamini kwamba unaweza kununua kwake.

Hapo tumefika penyewe. Sijui ulikata shauri lini, na majibu yangu yote yanategemea hilo. Kama uliingia ukiwa na nia ya kununua pale bei ikiwa ya kuridhisha, ukatoka, ukalinganisha, ukakuta tofauti kubwa kuliko unavyoweza kuibeba, basi "ngoja nikafikirie" yako ilikuwa neno la kweli na kosa lako ni dogo mno, pengine halipo. Biashara haigombi. Duka lilicheza bahati yake kwako na halikushinda. Lakini kama ulikuwa umeshaamua tangu mlangoni kwamba utanunua mtandaoni, na ulihitaji tu namba ya kiatu, basi ulimfanya mtu akufanyie kazi kwa tumaini ulilolijua wewe peke yako kuwa ni bure. Neno lako lilikuwa uongo, na saa yake ukaipata kwa uongo huo. Si wizi kama anavyosema mkeo. Lakini kama ni hivyo, naelewa kilichomkera.

Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki: mpango wako ungeweza kuusema kwa sauti kabla ya kuketi? "Nataka kujaribu, ila huenda nikanunua kwingine kwa sababu ya bei." Usidhani lazima angekufukuza. Siku isiyo na wateja angeweza kukuhudumia vilevile, akitumaini kukushawishi au kukupata mara nyingine. Hiyo ingekuwa hiari yake. Ulipoificha nia ulimwondolea nafasi ya kuchagua.

Basi nani? Mtengenezaji hukumkosea, fedha zake amezipata. Mwenye duka umemkosea kidogo tu, kwa sababu hatari ya namna hii ndiyo biashara yake. Aliyebeba mzigo ni yule kijana. Wauzaji wengi wa madukani hulipwa sehemu ya ujira wao kwa kamisheni, na hata asiyelipwa hivyo hupimwa kwa mauzo ya siku. Saa aliyokupa huenda imeandikwa kwake kama saa ya uzembe. Watu husema "duka" wakafikiria jengo na nembo, ndipo dhamiri hulala.

Sasa kiti. Njia ya kwanza, na mara nyingi iliyo bora, ni kwenda dukani na bei ya mtandaoni mkononi, uombe walinganishe. Jumlisha kwanza usafirishaji, ushuru kama bidhaa inatoka nchi nyingine, gharama ya kukirudisha kiti kizito kikikukataa, na kazi ya kukiunga mwenyewe. Tofauti iliyoonekana kubwa kwenye simu huweza kuwa ndogo. Duka likikataa, umeshakuwa mkweli, nenda kwa amani.

Njia nyingine ni kuulipia ushauri wenyewe. Wapima baiskeli wengi hutoza kumpima mpandaji, na wapo wauzaji wa viatu vya kutelezea kwenye theluji wanaotoza kuvirekebisha, tena mteja akiwa amevinunua popote. Muulize muuzaji kama ana huduma ya namna hiyo. Mwenye duka akiniuliza mimi, nitamshauri aweke bei ya kupima kwenye karatasi ukutani na airudishe kwa anayenunua. Itamtoza anayestahili kutozwa, tofauti na tangazo la Brisbane. Kununua soksi ili kujifariji baada ya kutumia saa nzima ya mtu sikukatazi, lakini usijidanganye kwamba umemaliza deni.

Ya mwisho ni kuliacha duka kabisa, uagize na kujaribia nyumbani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, maagizo ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji humpa anayenunua kwa mbali siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, kwa hoja kwamba hakuweza kuiona bidhaa kabla. Ruhusa ni ya kuichunguza kama ambavyo ungefanya dukani. Ukiitumia kupita hapo unaweza kukatwa thamani iliyopungua, na mara nyingi nauli ya kuirudisha ni yako. Kwingineko soma masharti ya muuzaji kabla ya kulipa. Ila usiione njia hii kuwa safi kuliko zote. Kuagiza saizi tatu ukijua utarudisha mbili ni kuhamishia gharama ya kujaribu kwa wanunuzi wengine vilevile, isipokuwa hapa muuzaji ameikubali mwenyewe na kuitangaza. Hilo ndilo linaloifanya iwe halali.

Kwa kiti hasa, kuzunguka madukani kungekusaidia kidogo kuliko unavyodhani. Dakika tano za kukalia zitakuambia kama kiti kimekuzidi: nyayo zifike chini, pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti, egemeo la chini ya mgongo liweze kupanda na kushuka. Hazitakuambia mgongo utasemaje saa ya nne ya kazi. Kwa hiyo anayekuruhusu kukijaribu kwa siku kadhaa kazini kwako ana thamani kuliko punguzo. Na kabla ya kununua chochote, kama maumivu yamedumu wiki kadhaa, mwone daktari au mtaalamu wa viungo; kiti hakitibu. Yakishuka mguuni pamoja na ganzi au udhaifu usichelewe, na ukipoteza uwezo wa kuzuia mkojo au choo, au ukipata ganzi kati ya mapaja, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Imebaki ile haya yako ya kumrudia yule kijana. Mrudie, lakini neno la kwanza liwe la kweli: "Ulinipima, nikaenda kununua kwingine, vinanibana. Naomba ushauri, na niko tayari kuulipia." Chagua saa ambayo duka halina watu. Akikataa, ana haki, usinung'unike. Usimpelekee madai ya dhamana wala kubadilishiwa, maana hayo ni ya aliyekupa risiti. Mwandikie muuzaji wa mtandaoni kabla muda wa kurudisha haujapita, na viatu usiendelee kuvivaa nje. Kabla ya hapo linganisha kibandiko cha picha yako na cha viatu ulivyoletewa. Toleo jipya la kiatu kilekile huweza kuwa jembamba zaidi, na ubadilishaji wa namba huleta makosa: namba moja ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, ya Uingereza ni theluthi ya inchi, yaani karibu milimita 8.5, kwa hiyo hazilingani sawasawa na jedwali la muuzaji hukadiria tu. Pima mguu jioni, ukiwa umevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Ukucha ukianza kuwa mweusi au vidole vikipata ganzi isiyoisha hata baada ya kuvua, acha kukimbia navyo uonwe na mtaalamu wa miguu. Kama una kisukari, usisubiri dalili hizo. Nenda mara tu unapoona malengelenge.